Kastori na Benchi la Nyuma

Jumamosi, 18 Februari 1995

Saa mbili kasoro. Darubini nyuma ya zizi, miguu yake mitatu juu ya gunia isizame. Kilimia tena. Kwa macho matupu naona nyota sita na ukungu kidogo. Ndani ya kioo nilihesabu thelathini na mbili nikaacha, baridi ilinitoa machozi. Buluu safi. Jamani, hivi vitu vimekuwa hapa juu ya Wamagana miaka yangu yote hamsini na tatu, na mimi nimeinama nikisahihisha hesabu za watoto! Tangu ninunue darubini hii kwa mzungu aliyekuwa akihama Timau, silali mapema. Sijutii.

Jumatatu, 20 Februari

Kastori. Kitabu kinasema nyota hii kwa kweli ni nyota mbili. Naona moja tu, inatetemeka. Huu ni usiku wa tisa nikijaribu kuzitenganisha. Ukaidi nilirithi kwa mama.

Mama Gathoni, jirani yangu, alikohoa gizani ng'ambo ya ua. Nikamsalimia. Akafunga mlango.

Jumatano, 22 Februari

Kumbe! Mzee Karanja, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, alinisimamisha langoni mwa shule. Mama Gathoni amepeleka malalamiko. Ati mjane anainamia kitu cheupe usiku, na taa nyekundu. Taa nyekundu! Ni tochi niliyoifunga karatasi ya peremende, kwa sababu mwanga mweupe huharibu macho yaliyozoea giza. Lakini siku hizi kila kona wanatafuta waabudu shetani, na mimi nimewawashia taa.

Wazee watatu wa kanisa, yeye mmoja wao, watakuja Ijumaa. Wakiona vibaya, nitazuiwa Meza ya Bwana, ule mkate na divai, tarehe tano Machi. Miaka thelathini na mmoja sijakosa Meza, hata mwezi niliomzika mume wangu. Nina hasira. Naogopa pia. Waliozuiwa hukaa benchi la nyuma, na kanisa zima hugeuka kuona ni nani.

Alhamisi, 23 Februari

Nilifikiria kuificha darubini kwa dada yangu kule Nanyuki. Niliinjika githeri, mahindi na maharagwe, nikafikiria. Halafu nikatoka nje, dakika tano tu.

Hewa ilikuwa imetulia kabisa. Kastori ikawa mbili! Nyeupe zote, zimekaribiana, katikati weusi mwembamba kama unywele. Nilipiga kelele "Ngai, Mungu wangu!" mbwa wa kijiji kizima wakabweka. Githeri iliungua.

Siifichi.

Ijumaa, 24 Februari

Wamekuja. Chai, viazi vitamu, maombi marefu. Nilieleza yote, hata ile karatasi ya peremende. Mwenyekiti wao alikataa kutazama.

"Mwalimu, mimi sichungulii kitu sijui."

Wa pili akamfuata, kama kawaida yake. Mzee Karanja akavua kofia, akainama. Nilimwonyesha Kilimia. Kisha akasema nyanya yake alikuwa akiitazama kabla ya kupanda njahi, yale maharagwe meusi, na yeye alijua ni nyota sita, basi. "Kumbe ziko hivi mingi?" Hakutaka kutoka pale. Chai ya wenzake ilipoa. Nikamwonyesha Kastori, halafu kundi lile chini ya nyota kali kuliko zote, lenye kanyota kekundu katikati. Aliuliza maswali kama mwanafunzi mwerevu: ziko mbali vipi, huzungukana, nani alizipa majina. Ana miaka sabini na nne na magoti mabovu. Nilimpenda sana saa ile, naandika wazi.

Mwenyekiti alikuwa akitazama saa yake.

Jumatatu, 27 Februari

Barua, mistari minne na muhuri. Wawili dhidi ya mmoja. Nimezuiwa Meza mpaka nitubu na niiondoe darubini nyumbani.

Nililia jikoni. Nikawalaani, nikaomba msamaha, nikawalaani tena.

Jumamosi, 4 Machi

Mawingu. Nimepiga pasi gauni la buluu. Dada anasema nikae nyumbani, nisijitie aibu. Nitaenda. Nitubu nini? Nimetazama kazi ya Mungu kwa karibu kidogo.

Jumapili, 5 Machi

Benchi la nyuma, peke yangu. Vichwa viligeuka, kama nilivyojua vitageuka. Nilikaza macho ukutani.

Wazee waliitwa mbele kuchukua sahani za mkate. Mzee Karanja alisimama, lakini hakwenda mbele. Alikuja huku nyuma, polepole, kwa sababu ya yale magoti, akapita watu wote, akaketi kando yangu. Mwenyekiti alingoja na sahani mkononi. Mwishowe akampa mtu mwingine.

Mkate ulipofika karibu na sisi, Mzee alitikisa kichwa, ukapita.

Wimbo wa mwisho tuliimba kwa kitabu kimoja. Sauti yake ni mbaya kweli.