Meli Imekatwa Vipande Viwili

Baba Mutheu,

Barua yako ya kusema meli inauzwa tena imefika. Nimeisoma mara tatu, na nakujibu kabla hasira haijapoa.

Unakumbuka siku ukiondoka, Mutheu akiwa bado mgongoni? Ulinionyesha picha ya meli, nyeupe pepepe, ukasema utawafulia watalii nguo humo miezi tisa. "Tisa tu, Nduku." Nilicheka sana, maana hapa Mumbuni hata soksi zako zilikuwa kazi yangu. Mwaka wa pili meli ikapata mwenye mpya, jina jipya na bomba la moshi la buluu. Barua nilizotuma kwa jina la zamani zikarudi zote. Nilijua umenitoroka. Nililia, bwana, sikufichi.

Halafu ukaandika kwamba meli imekatwa. Mimi na haraka zangu, sikumaliza hata ukurasa, nikakimbia kwa mama yako kule Katangi: "Mwaitu, meli imekatwa vipande viwili!" Aiya! Jioni boma lilikuwa limejaa watu, huyu na sukari, yule na majani chai, na akina mama wa kanisa washaanza kuimba. Ndipo nikageuza ukurasa. Kumbe wameikata makusudi, wakatia kipande katikati ili vyumba viongezeke! Mama yako alifuta machozi akasema, "Basi chai inyweke." Siku hizi tukikumbuka tunashika mbavu.

Sasa unaniambia wenye wapya wanaipa meli jina la tatu, na wanataka uwe msimamizi wa dobi, miaka miwili mingine, na unauliza nasemaje. Nasema hapana. Kila mkataba ukiisha umeongeza mwingine, na mimi nimenyamaza miaka mitano. Nimechoka kunyamaza.

Kile chumba cha mbele nimekipaka rangi. Juu ya mlango nimeandika DOBI kwa mkono wangu, herufi zimepinda kidogo, utanisamehe. Mwalimu mkuu tayari ameleta suti mbili. Nimemwambia fundi anafika mwezi ujao, kwa hivyo usiniaibishe.

Na kuna hili. Mutheu anajua majina yote matatu ya hiyo meli, hata bandari ilizopita anakutajia. Lakini juzi aliniuliza, "Mama, baba ni mrefu?" Kabla sijajibu alichukua chaki, akapanda kiti, akachora mstari ukutani anapodhani kichwa chako kitafika. Amekuzidisha sana. Sijaufuta.

Njoo usimame hapo, akuone.

Mkeo anayekupenda,
Mama Mutheu