Urefu wa Ruchshor

Syktyvkar, 2 Machi 2009

Shikamoo Baba,

Kifua kinaendeleaje? Huku mimi na watoto hatujambo.

Kampuni ya magogo imeomba msitu wetu. Mto ukifika urefu wa kilomita kumi, wanaacha mita mia za miti kila upande. Usipofika, wanaacha hamsini. Kibanda mlichojenga na marehemu Mama kiko mita sabini kutoka ukingoni. Ruchshor haujawahi kupimwa, na daftari la mito hapa ofisini nalijaza mimi. Tafadhali nipimie.

Mwanao,
Agniya

Ruchvom, 29 Machi

Mwanangu Agniya,

Marahaba. Kifua kinakohoa, lakini miguu haina habari.

Tumepima kabla barafu haijalegea, kwa kuwa huu ndio wakati pekee wa kutembea katikati ya mto. Karibu na mdomo wake mto umenyooka, umepita kwenye mchanga. Juu zaidi ardhi ni tambarare, maji hayana haraka, basi mto unajikunja: kona moja tuliizunguka nusu saa, tukatokea hatua thelathini tu kutoka tulipoanzia. Mwisho ni kinamasi. Hicho sikukihesabu; maji yasiyo na kingo bado si mto.

Jirani yetu Mikol Yegor alishika ncha ya pili ya kamba. Tulipata mita 9,960. Akaniambia, "Mwalimu, uvute kidogo bwana, mto wenyewe hausemi!" Nikamwambia akaze kamba.

Baba yako,
Prokopi

Syktyvkar, 11 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini umepata nafuu. Baba, mita arobaini! Anzia kinamasini, nani atakuuliza? Wakikata hadi hamsini, kibanda kitabaki peke yake kwenye visiki, kama wataki­acha.

Mwanao,
Agniya

Ruchvom, 3 Mei

Mwanangu,

Mimi mzima. Barafu imeondoka na maji yamepanda hadi kwenye ngazi za bafu letu la mvuke.

Kwa miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto wa hapa mto unaanzia wapi. Wewe ulikaa dawati la mbele. Andika 9,960.

Baba yako,
Prokopi

Syktyvkar, 26 Mei

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Nimeandika ulivyosema.

Bosi aliuliza nani kapima. Nikasema ni baba yangu, wa Ruchvom. Akacheka: "Baba yako! Basi hapo mmeshaongeza mita mia mbili nzima." Akatia sahihi bila kutazama tarakimu.

Mashine zitaingia Novemba. Nimeomba likizo ya Septemba, nije na watoto tulale kibandani. Usihamishe kitu kabla hatujafika.

Mwanao,
Agniya