Picha ya Ini la Baba Yako

Shela, Malindi,
12 Machi 1987.

Mpendwa mwanangu Mahfudha,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe, mumeo na wanao. Je, kile kikohozi cha mdogo kimepoa? Mimi ami yako sijambo, ila magoti. Mvua bado, na maji ya kisima yameanza kukolea chumvi.

Uliniomba nisikubali baba yako achomwe ile sindano ndefu ya kutoa kipande cha ini. Hakuchomwa. Siku hizi hospitali huletewa kutoka Mombasa, mara moja kwa mwezi, mashine inayopeleka mwilini mawimbi ya sauti tusiyoisikia. Mwangwi wake hurudi ukawa picha kwenye kioo. Hakuna damu wala maumivu.

Lakini tulipoteza mwezi mzima. Kwa kuihofu sindano, baba yako alikwenda kwa siri kupigwa chuma cha moto ubavuni, kama tulivyofanyiwa utotoni kule Ndau kila ini au bandama lilipovimba. Malengelenge yalikuwa mabichi, pale pale daktari alipotaka kupitisha mashine, ikabidi tungoje irudi mwezi uliofuata. Kadii, muuguzi, alimkaripia:

"Mzee Mahadhi, umejichoma kwa kuogopa kudungwa?"

"Chuma nakijua, mwanangu. Sindano siijui."

Jumanne iliyopita vidonda vilikuwa vimekauka. Alipopakwa ule ute wa baridi tumboni akasema, "Haya, nitazamieni kama ni mwanamume." Kadii akacheka. Daktari alikuwa amekikazia macho kioo.

Akanionyesha. Ini limesinyaa, kingo zake zina vinundu kama tumbawe. Mshipa mkubwa uingiao humo umetanuka, bandama limekua, na maji yameanza kujaa. Ni makovu ya miaka mingi, pengine tangu ule ugonjwa wa manjano uliompata mwaka tuliohamia huku. Nikauliza kama sindano ingetueleza zaidi. Alisema huenda ingetaja chanzo, lakini damu ya baba yako haigandi vyema, na sindano hiyo ingeweza kumwua. Dawa ya kupunguza maji amepewa. Makovu yaliyofika hapo hayafutiki.

Baba yako ameniomba nikuandikie kuwa ni gesi tu. Nimemkatalia. Wewe ulitaka kungoja likizo ya mumeo, Agosti. Usingoje, Mahfudha. Njoo kabla ya Ramadhani.

Mama yako Khamisa anakusalimu sana, na jirani yetu Jasumati pia. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akufikishe baba yako angali akikujua.

Ni mimi ami yako, nikupendaye kama wa kumzaa,

Badawi