Mafundi wa Dar tumeumbuka

Evodia uko wapi. Nimeumbuka leo, acha kabisa.

Si unamjua Ignas, aliyetupatia ile kazi ya kupiga dari ya jipsamu kwa bosi aliyehamia na wizara. Bosi alisema fundi wa Dodoma hamtaki, anataka wa Dar. Ignas akaapa sote watatu, yeye, mimi na Wilbert, tumetoka Mbagala. Mimi Dar nimefika mara moja, tena msibani.

Wiki nzima nalalamika, "jamani huku kwenu vumbi". Mimi wa Zuzu, hapa hapa Dodoma.

Sasa leo kaingia bibi anayewaletea maziwa kina bosi. Bosi amekaa pale pale. Bibi akasema tu, "Mbukwenyi."

Evodia, tuliitikia wote watatu. Kwa Kigogo. Wilbert akashuka kabisa kwenye ngazi amsalimie vizuri, akaanza kuulizia na ng'ombe.

Kugeuka, bosi ananitazama. "Dada, Mbagala mnasalimiana hivyo?"

Nikamwambia sisi wageni tunajifunza haraka. Bibi akadakia, "Huyu si mjukuu wa Sidonia wa Zuzu?"

Nikaanza kukusanya vifaa. Bosi akatazama dari, akatazama mlango, akaenda kuufunga. Akasema kwa sauti ya chini, "Jirani asisikie. Nimeshamtambia kwamba mmetoka Dar, na kesho anawataka kwake."

Tatizo, kwa jirani nako bibi anapeleka maziwa.

Tumembembeleza bibi. Amekubali, kesho akitukuta atapita kama hatujui. Ila Wilbert ndiye asiulizie ng'ombe, maana hapo bibi hatajizuia kujibu.