Deni Lililovuka Namanga

Mungaa, Ikungi,
Singida.
21 Septemba 2025

Mpendwa kaka Gervas,

Shikamoo. Habari za Nairobi, na mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku tuko salama. Vitunguu vimetoka vizuri, bei ndiyo imetuangusha. Mama macho bado yanamsumbua, ila kanisani hakosi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya hapa nyumbani ni ile yenye laini uliyotuachia, iliyosajiliwa kwa jina lako, na mama hukaa nayo mwenyewe. Halafu laini ile siiamini tena. Barua nimempa jirani yetu Hana, anayekuja huko kwa mwanawe, na bahasha nimeibandika gundi pande zote.

Ujumbe ulioutuma kwa simu ya Hana niliusoma nikaurudia. Kampuni ya Nairobi inayokunyima mkopo wa mashine ya kuchomelea imejuaje kwamba jina lako lina deni la simu huku Singida? Unasema ulikubali mwenyewe waangalie taarifa zako za nchi zote mbili. Ulisoma ulichokubali? Vitunguu vyetu vikifika mpakani Namanga vinasimamishwa, vinadaiwa karatasi, vingine vinaozea hapo hapo. Deni lako limepita bila hata kuulizwa linakwenda wapi. Mimi watu wanaopelekeana habari zetu namna hiyo nawaogopa. Kesho watajua na tulichopika.

Ukasema mwizi aliyekopa kwa laini yako ni Elisha, na asilale tena kwa mama mpaka aseme ukweli. Sitakuficha, hata mimi nilimshuku. Mdogo wetu huyu siku hizi ana viatu vipya na hasemi amevitoa wapi. Nilimpekua begi akiwa shambani, jioni nikamhoji kama askari. Alilia, kaka, mwanaume mzima mwenye ndevu. Sikumwamini hata alipolia.

Basi nikaenda kwa Philipo, wakala anayemtolea mama hela, maana mama hasomi na namba ya siri humtajia yeye. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Wala hakukana. Alisema mama huja kila mwisho wa mwezi kuuliza kama umetuma. Mwezi ambao hukutuma, Philipo alibonyeza pale pa kukopa, hela ikaingia, akamwambia mama umetuma. Ulipotuma baadaye, deni lilijikata lenyewe, hakuna aliyejua.

Nikamwuliza nani alimpa ruhusa.

"Ametembea na jua lote hili, Dorkas," akasema. "Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe kamsahau?"

Sijui kama ilikuwa huruma au kamisheni yake ya kutoa. Bado namwangalia kwa jicho la pembeni. Lakini nimekagua meseji za simu ile, na alichosema ni kweli. Tangu Mei hujatuma kitu. Mkopo wa Juni haukupata wa kuulipa, na ndio huo uliokufuata Nairobi. Nimeumia, kaka, kwa sababu nilikuwa nikikutetea kwa kila mtu hapa.

Elisha nimemwomba radhi. Wewe bado hujamwomba. Deni nimelilipa kwa kuuza majogoo, na Philipo kachangia nusu bila kuombwa. Hata hiyo nusu naitilia shaka. Waambie hao watu wako waangalie upya. Habari ya kudaiwa iliwafikia haraka, ya kulipa sijui kama wataitafuta.

Mama hajui lolote, na mimi sitamwambia.

Msalimie wifi Belinda na mtoto. Baba mdogo Simeoni na shangazi Rahabu wanakusalimu sana. Mungu akulinde huko ugenini na aibariki kazi ya mikono yako. Mama naye anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba ile hela uliyomtumia Juni alinunulia dawa ya macho, na kila Jumapili anamshukuru Mungu kwa ajili yako.

Mdogo wako anayekupenda hata akikasirika,
Dorkas