Nimetafuta Chanzo Maktabani, Nimejikuta Mwenyewe

Mama Dzigbordi mpendwa,

Kabla ya yote naomba unisitiri, na ukishanisitiri naomba unisaidie, maana mimi ni mchungaji, Osofo kama watu wanavyoniita, nao huniletea shida zao huku wakilia, na sasa yangu sina pa kuipeleka isipokuwa kwako, ambaye mke wangu hukusoma gazetini kila Jumamosi huku akinitazama kwa jicho la pembeni. Majina ya wengine nimeyabadilisha, langu sikuliandika kabisa.

Kanisa letu liko vilimani, juu ya mji wa Hohoe, na linajulikana wilaya nzima kwa sababu ya mlango wake. Nilipokuwa katekista kijana nilimsikia mhubiri mgeni kwenye kambi ya maombi akieleza yale maneno ya Yesu kuhusu tajiri, ngamia na tundu la sindano, akasema Tundu la Sindano lilikuwa lango dogo katika ukuta wa Yerusalemu, ngamia alipofika hapo ilibidi atuliwe mizigo yote na apige magoti, ndipo apite, nami nikalipenda jambo hilo nikalihubiri, nikalihubiri tena, watu wakalia, na tajiri wetu mmoja, Efo Kpodo muuza saruji, akaguswa mpaka akajenga lango lenyewe mbele ya kanisa, fupi, la matofali, kila anayeingia ibadani sharti apige magoti, na yeye mwenyewe hupiga magoti kila Jumapili akiwa amejitanda kitambaa chake kizuri cha kente, huku watu wakimpigia makofi. Maharusi wanatoka mbali kuja kupigwa picha hapo. Mama Yawa, aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, siku hizi magoti yamemshinda, kwa hiyo hukaa nje kwenye benchi chini ya dirisha na kuimba akiwa huko huko, lakini hilo nalitaja tu, shida yangu siyo hiyo.

Shida yangu ni tasnifu. Kanisa limenipeleka chuo cha theolojia nisome zaidi, nami nikachagua kuandika juu ya andiko lile lile, nikijua nusu ya kazi ninayo kichwani. Msimamizi wangu, Daktari Amenuvor, mama mpole ambaye kalamu yake haina huruma, akaandika pembeni mwa sura ya pili kwamba anataka chanzo cha habari za lango. Nikamwambia, "Daktari, mbona hili linajulikana!"

Akasema, "Osofo, kama linajulikana basi halitakusumbua kulipata. Maktaba iko wazi."

Nikaenda, nikaacha mkoba mlangoni kama wanavyotaka, mkutubi Madam Enyonam akanionyesha rafu ya Injili, nikafungua kitabu kikubwa cha ufafanuzi, kikasema hakuna ushahidi wowote wa lango la namna hiyo enzi za Yesu, nikakirudisha nikijisemea huyu mwandishi labda hakuwahi kufika Yerusalemu, nikafungua kingine kikasema vile vile, na kingine kikaongeza kwamba hiyo ni hadithi tamu inayopendwa sana na wahubiri, nikahisi nimetajwa kwa jina nikageuka kuangalia kama kuna mtu ameona. Nikarudi kesho yake, na siku zilizofuata. Mwishowe kompyuta ya maktaba ikanipa tasnifu ya mchungaji mmoja wa chuo kingine, naye ameandika waziwazi kwamba lango lilikuwepo, tena ameweka tanbihi, nikapiga kelele, "Haleluya!"

Madam Enyonam akaniambia, "Osofo, haleluya ni kanisani. Huku tunanong'ona."

Tanbihi ile ilielekeza kwenye kijitabu cha sikukuu ya mavuno, na kwa bahati maktaba inatunza vijitabu vya makanisa kwenye masanduku, Madam akaniletea sanduku, nikakipata, nikafungua ukurasa, na Mama Dzigbordi, nikakuta imeandikwa kwamba habari za lango zimeelezwa kwa ufasaha na Osofo fulani wa vilimani, na huyo Osofo fulani ni mimi, na picha yangu ipo, nimesimama mbele ya lango. Madam Enyonam akainama, akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Ee, Osofo! Hapa ulikuwa mwembamba."

Senanu, ninayelala naye chumba kimoja, ananiambia, "Kaka, itaje ile tasnifu, weka nukta, lala. Nani atakwenda kufukua masanduku?" Na kweli ni maandishi ya kitaaluma, ipo kwenye rafu, ina namba, sheria za chuo zinaruhusu. Nikisema kweli, sura ya pili inakufa na tasnifu inakwenda nayo, nyumbani wazee watasema nimekwenda kusoma nikapoteza imani, na Efo Kpodo sijui nitamtazama vipi. Je, niitaje ile tasnifu ninyamaze, au niseme kweli niaibike kote kuwili?

Osofo mwenye haya


Osofo mwanangu,

Barua yako niliisoma jikoni, nikacheka mpaka supu ya bamia ikashika chini ya sufuria, na watu wa nyumba yangu wamekula ugali wa akple na mchuzi wa moshi kwa ajili yako. Pole lakini. Kupekua rafu nzima ya Injili ukaishia kutazamana na picha yako mwenyewe si jambo dogo, na juu ya hayo kuambiwa umenenepa.

Nianze na huyo Senanu. Amekushauri kama mtu anayetaka taa izimwe alale. Tanbihi maana yake unamwambia msomaji: nenda pale, utakuta nilichokikuta. Sasa maskini wa Mungu akienda pale atakuta nini? Atakukuta wewe, mwembamba, umesimama mbele ya matofali ya Efo Kpodo. Usifanye hivyo. Unajua kabisa chanzo hicho ni wewe mwenyewe uliyevaa koti la mwenzako, ndiyo maana umeniandikia. Mtu mwenye dhamiri safi hamwandikii Mama Dzigbordi, anaweka nukta analala.

Halafu nani amekudanganya kwamba tasnifu imekufa? Wewe kwa mara ya kwanza umefanya utafiti! Kabla ya hapo ulikuwa unatafuta mtu wa kukuitikia amina. Rudi kwa Madam Enyonam, mwombe akuonyeshe majarida na vitabu vya zamani zaidi, ufuatilie hadithi ya lango ilianza kuandikwa lini na nani aliipokea kwa nani, mpaka ikafika kambini kwenu na masikioni mwako. Sanduku la mavuno nalo liingie humo, na jina lako, na picha yako. Daktari Amenuvor alikuuliza ulikolipata lango, nawe sasa unajua. Mpelekee. Kisha mwandikie yule mchungaji wa chuo kingine, kwa upole, maana naye kosa lake ni kukuamini.

Na ujiulize kwa nini hadithi hii inapendwa hivi. Nitakuanzishia. Yesu alisema neno gumu, wanafunzi wake wakashtuka, wakauliza ni nani basi atakayeokoka. Wewe ukaja ukamwambia tajiri wako asiwe na wasiwasi, kuna mlango. Akaujenga kwa kipimo chake mwenyewe, anaupita kila Jumapili akiwa na kente yake, anapigiwa makofi, anarudi dukani. Hata ngamia wa hadithi yako alituliwa mizigo, Osofo. Efo Kpodo ametua nini pale mlangoni?

Sasa naacha utani. Umeniandikia kurasa nzima za aibu yako, na Mama Yawa umempa sentensi moja, tena ukasema unamtaja tu. Nilipofika hapo sikucheka tena. Mama aliyewafundisha kuimba amekaa nje, jua lake, mvua yake, na ninyi mko ndani mnaitikia nyimbo alizowafundisha, kwa sababu ya lango ambalo halikuwahi kuwepo. Umekaa nalo hilo muda wote huo, umeona shida ni tanbihi! Hasira niliyonayo hapa nakuambia wazi ni hasira ya mama, na ukiwa karibu ningekuvuta sikio.

Basi fanya hivi. Ijumaa panda gari urudi vilimani, na usipite kwa wazee wala kwa Efo Kpodo kwanza. Nenda kwa Mama Yawa, ukae kwenye kigoda, umwambie ulichokuta maktabani bila kupunguza, na umwombe radhi. Akikucheka, vumilia. Kutoka hapo nenda kwa mwashi, mwambie avunje kile kizingiti cha juu, apandishe mlango kimo cha mtu mzima. Efo Kpodo akija juu, msomee lile andiko jinsi lilivyo, kisha nyamaza, na najua kunyamaza kwa mhubiri ni kazi. Akikuuliza, "Sasa Osofo, mimi nitapita wapi?" usimtafutie mlango mwingine. Mwambie ndilo swali lenyewe, na ukae naye alikabili.

Wazee wakisema umepoteza imani, waambie umepoteza lango. Jumapili asubuhi usiwe mimbarini ukimsubiri. Nenda kwenye benchi lililo chini ya dirisha, mpe Mama Yawa mkono wako, muingie pamoja mmesimama.

Mama Dzigbordi