Gwaride Letu la Ijumaa

Sajini wangu,

Wamekipandisha. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, salamu ndefu zilikuwa zikikuchosha. Bodi ya madaktari kule nyumbani imepandisha kiwango changu cha ulemavu, na imeandika waziwazi kwamba maradhi yangu ya akili yalitokana na kazi ya jeshi. Kuanzia sasa kliniki nitakwenda kwa haki yangu, si kwa kubembeleza. Habari ilinikuta zamuni huku Uarabuni, nikilinda mlango wa hoteli pale Al Sadd, nikacheka peke yangu mpaka mgeni mmoja akageuka kunitazama. Nikatoa simu nikupigie. Jina lako bado liko juu kabisa. Halafu nikakumbuka.

Tangu moyo wako usimame ghafla na tukakusindikiza uwanja wa ndege urudishwe Bungoma, chumba chetu cha Industrial Area hakijazoea. Kitanda chako cha chini amepewa Mutua, mwanajeshi mstaafu kama sisi, mpole, ila anakoroma kukushinda, na hilo sikudhani linawezekana. Pasi yako ya kunyooshea nguo iko palepale dirishani. Hakuna aliyethubutu kuihamisha.

Unakumbuka gwaride la Ijumaa? Siku ya mapumziko, wengine wakifua nguo, wewe unajitupia taulo jeupe mabegani, unakalia ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai ya karak mkononi, unatangaza kwamba wewe sasa ni daktari wa bodi. Mimi nakaa mbele yako kama mshtakiwa. "Koplo, unalala vizuri?" Nami, bila hata kufikiri: "Vizuri, afande!" Unakunywa chai yako taratibu, kisha unasema neno moja tu. "Rudia."

Nilikuchukia Ijumaa hizo, Sajini. Miaka yote ulifundisha makuruta kumeza maumivu, sasa unanilazimisha niyatapike mbele ya watu wanaoanika soksi. Lakini mara ya kwanza nilipokwenda mbele ya bodi nilikuwa nimejibu hivyohivyo, vizuri, vizuri, nikapewa kiwango cha chini kabisa, kama mtu aliyejikwaa kidole. Nilidhani wamenidharau. Ni wewe uliyenifafanulia. Ukasema bodi haihesabu risasi zilizokupita wala wenzako uliowazika. Inataka kwanza kujua kama ugonjwa umeletwa na kazi, na hapo makaratasi ya kliniki ndiyo mashahidi. Kisha inauliza ugonjwa huo umekuharibia nini: kazi unaiweza? Watu unakaa nao? Nyumbani mnaishije? "Ukiwaambia uko sawa, wataandika uko sawa. Wale ni madaktari, Koplo, hawapigi ramli."

Na kuongeza chumvi hukutaka. Siku niliyodai kwamba sijafumba jicho tangu vitani, ulinirushia taulo usoni. "Muongo! Jana ulikoroma hadi Wanepali wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Sema yaliyopo. Yaliyopo yanatosha."

Ya kwako ulituhadithia mara moja tu, ukicheka. Ulikwenda mbele ya bodi na viatu vinavyong'aa, shati limenyooshwa, ukasimama wima na kusema uko imara. Wakakuamini. "Nilipiga saluti, asilimia zote zikaanguka chini," ulisema, na sisi tukacheka na wewe kwa sababu ulitaka tucheke. Lakini tulikuona, Sajini. Fataki za sikukuu zilipoanza kulipuka kule ufukweni Corniche, ulikuwa unawasha pasi na kunyoosha mashati ya chumba kizima, hata yaliyokwisha kunyooshwa. Hukuinua kichwa mpaka anga linyamaze. Hakuna aliyekuuliza. Asubuhi tulikwenda kazini tumependeza kama maharusi.

Basi nikupe ripoti ya siku yenyewe. Nilipopata likizo nilikwenda na mke wangu Rose, kama ulivyoagiza, kwa sababu ulisema mwanajeshi hajui anavyoonekana akiwa nyumbani. Viatu sikuving'arisha. Ila kifua, afande, kifua kilijitunisha chenyewe. Daktari alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini, akaniuliza kwa maneno yako hasa: "Unalala vizuri?" Nami nikaruka kutoka kitini: "Vizuri, daktari!" Nikaona kalamu yake imeinama kuandika. Nikawaza, kwisha mimi. Kiwango kitabaki kilekile, na nafasi nyingine hakuna.

Nikasema, "Samahani, daktari. Naomba kurudia."

Akaweka kalamu chini. Nikakaa, nikamwambia. Kwamba nikiwa nyumbani nalala sakafuni karibu na mlango. Kwamba sanduku la mgeni likianguka kwenye marumaru pale hotelini, najikuta nyuma ya nguzo, na wenzangu wamezoea kunifichia siri kwa bosi. Kwamba harusi ya dada yangu niliisikiliza nikiwa ndani ya gari. Nilipofika kwenye habari za Rose nilishindwa, akaendelea yeye. Akawaeleza kwamba haniamshi kwa kunigusa, husimama mlangoni akaniita kwa jina, tangu usiku nilipomkaba shingo nikidhani ni mtu mwingine. Alilisema bila uchungu, huku amenishika mkono. Nikalia, Sajini. Nililia mbele ya bodi nzima na sikuomba radhi. Nimewahi kutunukiwa nishani, unajua, lakini sijawahi kujivunia jambo kama nilivyojivunia kile kiti.

Na nakuonea fahari wewe zaidi. Mlango uliofungwa usoni mwako ulikuja kutufungulia sisi, ukiwa na taulo na ndoo tu. Huko Bungoma walipokuzika nasikia walisema ulikuwa chuma. Sikuwepo, zamu haikuniruhusu, ila ningekuwepo ningesimama niseme kwamba uliogopa fataki, na kwamba sijaona mtu jasiri kama wewe.

Ijumaa iliyopita nilijitupia taulo mabegani. Mutua akakaa mbele yangu, ndoo ikalia chini ya uzito wangu, nikamuuliza kama analala vizuri. "Niko poa, afande." Nikanywa karak yangu taratibu. Nikamwambia arudie. Alicheka, kisha akaanza kusema.

Nakuahidi hivi: nikiwa bado katika mji huu, gwaride halitavunjwa. Na fataki zikianza, nitaiwasha pasi ile mimi mwenyewe, na yeyote anayetaka kushika shati atakuta nafasi.

Sasa pumzika. Lala vizuri, Sajini. Ukiulizwa huko na ukajibu kwamba unalala vizuri, safari hii hakuna atakayekwambia urudie.

Koplo wako,
Simiyu